Orodha Ile Si Yetu



Wapendwa waamini, juma hili tumeletewa ombi ambalo tumelikataa, na kwa kuwa habari za kukataa kwetu zimekwisha kufika mitaani kabla hatujafungua kinywa, ni haki yenu mzisikie kutoka kwetu. Ndugu mmoja mwamini, mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye moyo wa kutoa, alikuja nyumbani kwa mapadre akaahidi kutununulia kompyuta mpya, printa yake, na malipo ya intaneti ya mwaka mzima. Alichotaka kwa upande wake kilikuwa kidogo, kwa maneno yake mwenyewe: nakala ya orodha ya anwani za wote wanaopokea waraka wetu wa barua pepe kila Jumamosi jioni, ili naye apate kuwaarifu bidhaa zake msimu wa Noeli. Tulimshukuru, tukampa chai, tukasema hapana.

Tangu siku hiyo tumesikia mengi. Wapo waliosema padre ana kiburi. Wapo waliosema padre hajui shida, kwa sababu shida zote za parokia hubebwa na walei. Mjumbe mmoja wa Halmashauri ya Walei alitukumbusha, tena mbele ya wenzake, kwamba kompyuta yetu ya sasa huchukua muda wa kusali rozari nzima kabla haijawaka. Hilo la rozari ni kweli, wala hatulikanushi. Lakini neno lililotuchoma zaidi lilikuwa jepesi kuliko hayo yote: "Padre, orodha si yako? Itoe." Ndugu zangu, hapo ndipo penye ugomvi wetu wote. Orodha ile si yetu.

Kwa wasioujua waraka huo, tueleze kidogo unavyotengenezwa. Kila Jumamosi, baada ya maungamo ya jioni, tunaketi mbele ya kompyuta ya mezani iliyo sebuleni, pembeni ya jokofu, mahali pasipo na heshima yoyote ya ofisi. Tunaandika ukurasa mmoja. Ukizidi sana, mmoja na nusu. Huwamo masomo ya Dominika na tafakari fupi, ratiba ya Misa, zamu za jumuiya kufanya usafi kanisani, taarifa za WAWATA, UWAKA na VIWAWA. Kisha tunabofya, na kabla hatujafunga madirisha ukurasa ule umefika kwa muuza vitenge wa Mtaa wa Msimbazi, kwa mwanafunzi aliyeko Mwanza, na kwa nesi aliyehamia Muscat ambaye zamu za hospitali humnyima Misa majuma mawili kati ya manne. Anwani zote ni mia nne na ushee. Hakuna stempu, hakuna bahasha, hakuna kijana wa kutumwa kwa baiskeli.

Wazee wetu watakumbuka enzi za stensili na mashine ya kurudufu, jinsi wino ulivyoganda kwenye kucha hata wakati wa kupokea Komunyo. Karatasi zilikuwa chache, nasi tulilazimika kujiuliza: nakala mia mbili hizi apewe nani? Barua pepe haimwulizi mtu swali hilo. Kutuma kwa watu kumi na kutuma kwa watu elfu ni kidole kilekile kimoja. Uchache wa karatasi ulikuwa ukitufundisha kiasi bila sisi kujua, na mwalimu huyo amekwisha kustaafu.

Msituelewe vibaya. Hatuko upande wa wale wanaoona shetani ndani ya kila waya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica, mwezi Desemba 1963, ukavitambua kuwa ni vipawa vya kutumiwa kwa wema. Tarehe 22 Novemba 2001 Papa Yohane Paulo II, mzee na mgonjwa tayari, aliketi mbele ya kompyuta ya mkononi katika Ukumbi wa Clementina kule Vatikano, akabofya, na wosia wake uitwao Ecclesia in Oceania ukaenda kwa barua pepe hadi kwa Makanisa ya visiwa vya mbali kabisa. Ikiwa Baba Mtakatifu alibofya, padre wa hapa mjini ana udhuru gani? Ugomvi wetu hauko kwenye mashine. Uko kwenye majina.

Na kabla hatujawasema wengine, inatupasa tujiseme sisi. Miaka kadhaa iliyopita, katika siku za Kwaresima, tulitenda makosa mawili ndani ya jioni moja. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Kila barua pepe ina sehemu tatu za kuandika anwani: ile ya mpokeaji, ile ya Cc, na ile ya Bcc. Herufi Cc zinatokana na nakala ya kaboni, zile karatasi za samawati zilizowekwa katikati ya karatasi mbili za taipureta. Bcc ni nakala iliyofichwa: kila mpokeaji anaona jina lake tu. Sisi, kwa uchovu, tulibandika anwani zote katika sehemu ya kwanza, mahali ambapo kila mmoja aliwaona wote. Haikupita miezi miwili, mtu tusiyemjua akaanza kuwaandikia waamini akijifanya ni sisi. Aliomba mchango wa haraka kwa ajili ya mgonjwa, akaweka namba ya simu ya kutumia fedha. Bibi mmoja wa jumuiya ya jirani alituma shilingi 50,000 alizokuwa ameweka kwa ajili ya kodi ya chumba. Alipotuona kanisani alituuliza kama mgonjwa amepata nafuu.

Kosa la pili halikuwa la haraka. Tulilifikiria, tukaona ni jema, tukalitenda, na ndiyo maana linatuuma zaidi. Mama mmoja, mama lishe aliyekuwa akipika karibu na soko, alitujia akaomba tumkumbuke katika sala kwa kuwa alikuwa anakwenda kupimwa kifua kikuu. Nasi, katika bidii yetu ya kichungaji, tuliandika katika waraka jina lake, ugonjwa aliohofiwa kuwa nao, na jumuiya yake. Tulidhani tunamzungushia ukuta wa sala. Waraka ule ulisomwa na mtu aliyekuwa mteja wake, naye akamwambia mwenzake, na mwenzake akawaambia wapagazi waliokuwa wakila ubwabwa pale kila mchana. Baada ya wiki mbili majibu ya vipimo yalitoka: hakuwa na ugonjwa. Lakini nani angekwenda kuwasomea wapagazi majibu ya hospitali? Sufuria zilikuwa zimekwisha kulala. Alikuwa ametuomba tumwombee; hakutuomba tumtangaze. Alihama, na hadi leo hatujui kama huko aliko anaingia kanisani.

Tulimwomba msamaha kabla hajaondoka. Alitusamehe kwa upole uliotuaibisha, akasema, "Padre, ninyi mlikuwa na nia njema." Ndugu zangu, tangu siku hiyo maneno hayo mawili, nia njema, tunayaogopa kidogo.

Ndiyo kusema, mfanyabiashara wetu alipokuja na nia yake njema, alitukuta tayari tuna kovu. Yeye ataarifu bidhaa tu. Sawa. Lakini karani wake ataiona orodha, na rafiki wa karani ataiomba, na hapa Kariakoo kila kitu chenye bei hupata mnunuzi kabla ya adhuhuri. Mwamini aliyetupa anwani yake alitupa kwa jambo moja: apate waraka wa parokia. Alipoiandika kwenye karatasi ya mezani baada ya Misa, alikuwa anamwamini padre, hakuwa anaingia sokoni. Kuichukua anwani hiyo na kuipeleka penginepo, hata kwa bei ya kompyuta mpya, ni kuuza alichotuwekea amana. Je, mtu akiweka mzigo wake kwetu usiku mmoja, asubuhi tunaruhusiwa kuufungua tuone tuuze nini?

Katika Maandiko kuna kisa ambacho hatujakihubiri mara nyingi, labda kwa sababu kinatusumbua sisi viongozi. Kiko katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24. Mfalme Daudi aliamuru watu wahesabiwe. Yoabu, ambaye hakuwa mtu wa dhamiri laini hata kidogo, alimpinga, lakini neno la mfalme likashinda. Waliohesabu walizunguka nchi miezi tisa na siku ishirini. Hesabu ilipoletwa moyo wa Daudi ulimchoma, na tauni ya siku tatu ikaangusha watu 70,000. Wafafanuzi wanabishana kosa lilikuwa nini hasa, maana Musa naye alihesabu na hakuadhibiwa. Sisi tunakubaliana na wale wanaosema kwamba Daudi aliwahesabu watu wa Mungu kana kwamba ni mali yake, apate kujua ana nguvu kiasi gani. Yeyote aliyewahi kukaa usiku mbele ya kompyuta, akaitazama orodha ya anwani ikiongezeka kutoka mia hadi mia nne, akasikia joto fulani la fahari kifuani, anajua Daudi alisikia nini. Sisi tumelisikia.

Na sisi wa pande hizi tungepaswa kuwa wepesi kuelewa kuliko wengine. Jina la Kariakoo limetoka wapi? Limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi yao hapahapa. Watu walichukuliwa vijijini, wakaandikwa kwenye orodha, wakabebeshwa mizigo, na maelfu yao wakafa kwa maradhi na uchovu. Orodha ile haikuwa kwa faida ya walioandikwa humo. Tunanunua nyanya na mashati juu ya ardhi iliyopewa jina na orodha, halafu tunaambiana eti orodha ni karatasi tu.

Tena, wapendwa, jambo hili la kuchukua anwani zilizowekwa kwa kazi moja na kuzitumia kwa kazi nyingine ni kongwe karibu sawa na barua pepe yenyewe. Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao ilitumwa na Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971. Ndiye aliyechagua ile alama ya @ tunayoiandika katikati ya anwani zetu. Miaka saba tu baadaye, Mei 1978, mtu mmoja wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital, Gary Thuerk, alichukua kitabu kilichochapishwa chenye anwani za watumiaji wa mtandao wa ARPANET, mtandao uliojengwa kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa ajili ya utafiti, akawatumia watu wapatao 400 tangazo la mashine mpya. Hawakuwa wameomba. Anwani zilikuwa nyingi kuliko nafasi ya kuziandika, hata zikamwagika zikaingia ndani ya barua yenyewe, kila mtu akaziona. Kile tunachokiita leo spamu, mizizi yake ni pale. Na tazameni idadi: watu 400. Ni parokia yetu.

Sasa tuwajibu wanaotupinga, kwa kuwa hoja zao si za kitoto.

Wanasema: sheria za mambo hayo ni za mabenki na makampuni ya simu, parokia ni familia. La hasha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha yake na ya mawasiliano yake, wala haikusema isipokuwa akiwa kanisani. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan hapa Dar es Salaam mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zitumike kwa kusudi hilo. Imani ya mtu na afya yake imeziweka katika fungu la taarifa nyeti, zenye ulinzi mkali zaidi. Fikirini: orodha ya waamini wa parokia ni orodha ya imani za watu, mstari kwa mstari. Hata isipokuwa na kitu kingine ila majina na anwani, tayari imesema jambo ambalo sheria inaliita nyeti.

Na kwa wale wasiopenda kusikia sheria za serikali zikitajwa na padre, basi wasikie sheria za Kanisa. Kanuni ya 220 inakataza kuharibu isivyo haki jina jema la mtu, na inalinda haki yake ya kutunza faragha yake. Kanuni ya 535 inamwagiza paroko azitunze rejista za parokia kwa uangalifu, na inamwonya zisije zikaangukia mikononi mwa watu wa nje. Ilitungwa kwa ajili ya vitabu vya ubatizo vyenye jalada gumu. Je, faili iliyoko kwenye kompyuta pembeni ya jokofu ina heshima pungufu kwa sababu haina jalada? Katekisimu nayo, namba 2492, inamtaka kila mmoja awe na kiasi katika kugusa maisha binafsi ya watu, na inawataja kwa namna ya pekee wenye kazi ya mawasiliano.

Wengine wanasema: barua pepe imepitwa na wakati, watu wote wako WhatsApp, fungeni biashara hiyo. Hatubishani juu ya wengi wako wapi. Lakini kundi la WhatsApp, kama linavyotumika katika jumuiya zetu, ni lile kosa letu la Kwaresima likirudiwa kila siku: kila aliyemo anaiona namba ya simu ya kila mwenzake. Binti wa miaka kumi na tisa anaunganishwa kwenye kundi la kwaya na usiku uleule anapokea salamu kutoka kwa mwanamume asiyemjua. Viongozi wa jumuiya, mnayajua haya. Mmetuletea malalamiko hayo ninyi wenyewe. Ile njia nyingine iliyomo humohumo, ya kutuma tangazo kwa wengi pasipo wao kuonana, humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya mtumaji. Watu wanailalamikia. Sisi tunaipenda kwa sababu hiyohiyo: inamtaka mpokeaji awe amefungua mlango kwanza.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike kwa ukali. Wapo waliopendekeza, tena kwa barua yenye sahihi, kwamba waraka wa Jumamosi uwe na jedwali: jina la mwamini, jumuiya yake, zaka aliyotoa, mchango wa ujenzi aliotoa, na deni lililobaki. Eti watu wakionana watatoa. Ndugu zangu, watatoa, hatukatai. Aibu hukusanya fedha haraka kuliko Injili. Lakini mnamjua mzee wa jumuiya fulani ambaye bahasha yake ni tupu kila mwezi kwa kuwa anamlea mjukuu mwenye selimundu. Mnataka nesi wa Muscat asome hilo? Mnataka likae ndani ya kompyuta za watu mia nne, lisiloweza kurudishwa wala kuchomwa moto? Tangazo lililobandikwa ukutani hunyeshewa mvua likaisha. Barua iliyotumwa haina mvua.

Mtakatifu Paulo alikuwa mwandishi wa nyaraka kuliko sisi sote, na alikuwa na mchango wa kukusanya, ule wa maskini wa Yerusalemu. Fungueni Waraka kwa Warumi, sura ya 16: kuna majina zaidi ya ishirini, na Fibi ametangulia, kisha Priska na Akila, Rufo na mama yake. Kila aliyeelezwa ameelezwa kwa wema: huyu alijitaabisha, huyu alihatarisha shingo yake, huyu alikuwa mama kwangu. Alipowachochea Wakorintho watoe, aliwasifu watu wa Makedonia kwa ujumla wao. Mkorintho asiyetoa hatumjui kwa jina hadi leo. Hali kadhalika ndoa tunazitangaza hadharani kwa kuwa Kanisa limetaka zitangazwe na wachumba wanajua hivyo tangu siku ya kwanza. Hatusemi majina yasiandikwe kamwe. Tunauliza mwenye jina amesema nini.

Kama mnadhani waraka wa walioomba wenyewe utakuwa dhaifu, tazameni jirani. Desemba 2000, Mkenya Firoze Manji, kwa njia ya shirika lililoitwa Fahamu, alianzisha Pambazuka News, gazeti la kila juma lililotumwa kwa barua pepe. Zilikuwa siku za intaneti ya setilaiti, ghali na ya kujikongoja. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Kwa hiyo walituma maandishi matupu, yasiyo na mapambo, yawezayo kufika hata penye laini mbovu ya simu, kwa watu waliojiandikisha. Na maandishi hayo matupu yalisaidia kukusanya saini katika Afrika nzima kuzidai serikali ziridhie Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake, ambayo ilianza kutumika Novemba 2005. Wasomaji walioomba hufungua barua. Wasioomba huibonyeza alama ya spamu, na alama hiyo ina nguvu: tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua kwa wingi, kwa Google zaidi ya 5,000 kwa siku, waweke njia rahisi ya mpokeaji kujiondoa, na wahakikishe wanaolalamika hawafikii watu 3 kati ya 1,000. Parokia haifiki idadi hiyo. Lakini inatushangaza kidogo kwamba wauza matangazo wamelazimishwa kuuliza ruhusa, na sisi wachungaji bado tunabishana.

Basi haya ndiyo tuliyoamua, baada ya kuzungumza na Halmashauri, ambayo haikukubali yote kwa furaha. Orodha ya sasa tunaiacha. Hatukumbuki ni nani aliyejiandika mwenyewe na ni nani aliyeandikwa na katibu wa jumuiya kutoka kwenye daftari, nasi tunakiri kwamba wa namna ya pili ni wengi. Jumapili hii, baada ya kila Misa, kutakuwa na meza chini ya mwembe na fomu fupi. Fomu inauliza jina, anwani ya barua pepe, na kama unataka waraka. Ina mstari unaosema tutatumia anwani hiyo kwa waraka tu, na mwingine unaosema utajiondoaje: jibu barua kwa neno "nitoeni", bila kueleza sababu. Mwenye nia ya sala kwa mgonjwa ataandika anataka yatajwe nini; asipoandika, tutasema "mgonjwa mmoja", na Mungu atajua. Fedha za mtu hazitatajwa. Barua zote zitatumwa kwa ile sehemu ya Bcc, na kijana mmoja wa VIWAWA atasimama nyuma yetu kila Jumamosi kuhakikisha, maana tunajifahamu tukichoka. Faili imefungwa kwa nywila, na nakala yake moja iko katika kabati moja na rejista za ubatizo.

Mfanyabiashara wetu tulimtembelea dukani jana. Tulimwambia ubao wa matangazo ulio nje ya kanisa uko wazi kwake kama kwa mwingine yeyote, kwa ada ileile, na anayetaka bidhaa zake atasimama asome. Alicheka, akasema padre ni mgumu kuliko mtoza ushuru. Hakusema kama atanunua kompyuta.

Fomu zitakaa mezani kwa majuma matatu. Baada ya hapo tunafuta anwani zote za zamani na kuanza na waliojiandika, hata wakiwa wanane. Kompyuta ile ya zamani inawatosha wanane.